Maswali ya Wasomaji: Ramani ya tafiti husomwaje?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika afya ya jamii, na ninaandika kutoka Morogoro. Tasnifu yangu inahusu usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya dawa mseto. Msimamizi wangu amenitaka nianze kwa kuchora ramani ya mtandao wa tafiti zilizokwisha kufanyika, ili nione uwanja huu unaelekea wapi. Nimepakua programu ya VOSviewer na nimepata picha yenye miduara ya rangi nne, lakini nikiulizwa picha hiyo inasema nini, sina jibu. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, iache picha kwanza, uushike uzi mmoja tu. Katika ramani ya namna hii kila duara ni kitu, yaani makala, mwandishi au neno, na kila mstari ni uhusiano kati ya vitu viwili. Asiyejua mstari unasimama badala ya nini hawezi kuisoma ramani, hata iwe na rangi za kupendeza kiasi gani. Kwa hiyo fungua tena programu, uangalie ni aina gani ya uhusiano uliyoichagua ulipokuwa ukibofya, kwa sababu aina hizo hazijibu swali moja.

Msingi wa kazi yote ni tabia ya kitaaluma ambayo tumeizoea hata hatuioni: mwandishi akitumia kazi ya mwenzake, huitaja katika marejeleo. Eugene Garfield wa Philadelphia alianza kuzikusanya alama hizo kwa utaratibu katika faharasa yake, Science Citation Index, iliyotoka mwaka 1964. Mwaka uliofuata Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi, alizitumia takwimu za aina hiyo kuonyesha kwamba makala za kisayansi zimefungamana kama wavu. Aliona kwamba makala moja ilikuwa na wastani wa marejeleo 15 hivi, na kwamba katika mwaka wowote ule, takriban asilimia 35 ya makala zilizopo hazirejelewi na mtu hata mara moja. Zikumbuke hizo asilimia 35 utakapoitazama tena picha yako, kwani makala ambazo hazijaguswa na uzi wowote hazionekani humo, ingawa zimeandikwa na zipo.

Sasa chukua makala mbili ambazo bila shaka umeshakutana nazo. Ya kwanza ni ya Dondorp na wenzake, ya mwaka 2009, iliyoonyesha kwamba huko Pailin, magharibi mwa Kambodia, vimelea vilichelewa kutoweka katika damu ya wagonjwa waliopewa artesuneti, dawa ya malaria. Ya pili ni ya Ariey na wenzake, ya mwaka 2014, iliyoonyesha kwamba usugu huo unaambatana na mabadiliko katika jeni ya kimelea iitwayo kelch13. Mwandishi wa leo anapozirejelea zote mbili katika makala moja, amezifunga kwa uzi. Akija mwingine akafanya vivyo hivyo, uzi unanenepa, na baada ya mamia ya waandishi makala hizo mbili zinasimama bega kwa bega katikati ya ramani. Huku ndiko kurejelewa pamoja, njia iliyobuniwa mwaka 1973 na watu wawili waliokuwa mbalimbali, Henry Small nchini Marekani na Irina Marshakova katika Umoja wa Kisovieti. Inafaa sana kuonyesha misingi ambayo wanataaluma wenyewe wanaiona kuwa ni misingi.

Ila njia hiyo hutazama nyuma. Makala iliyochapishwa mwezi uliopita haijapata mtu wa kuirejelea, kwa hiyo haimo katika ramani, na wewe umeulizwa uwanja unaelekea wapi. Hapo ndipo penye faida ya njia ya pili, aliyoieleza M. M. Kessler mwaka 1963: badala ya kuuliza ni nani anazirejelea makala hizi mbili, tunauliza makala zenyewe zinarejelea nini kwa pamoja. Makala mpya, hata ikiwa na umri wa siku moja, tayari ina marejeleo yake. Fikiria makala ya mwaka 2020 kutoka Rwanda na ile ya mwaka 2021 kutoka kaskazini mwa Uganda, zilizotoa ushahidi kwamba vimelea sugu vimezuka hapa hapa Afrika badala ya kuletwa kutoka Asia. Zote mbili zimejengwa juu ya kazi za Kambodia na za jeni ya kelch13, kwa hiyo zinaweza kuunganishwa tangu siku ya kuchapishwa, bila kungoja zirejelewe. Kwa kazi yako mimi ningeitumia njia hii kuwa ndiyo kuu, nikaligawa kundi la makala katika vipindi, tuseme kabla ya 2009, kisha 2009 hadi 2014, kisha 2015 hadi 2019, kisha 2020 hadi leo, nikachora ramani moja kwa kila kipindi na kuzilinganisha. Utakapolinganisha usihesabu makala tu, kwa sababu idadi ya makala za sayansi inaongezeka kila mwaka katika fani karibu zote. Tazama sehemu ya asilimia ambayo mada fulani inaichukua katika uwanja mzima.

Zipo pia ramani za waandishi walioandika pamoja na za maneno yanayotokea pamoja. Nadhani hiyo ya maneno ndiyo uliyoichora, kwa sababu ndiyo rahisi kuipata. Si mbaya, lakini ni tete, na utete wake unaanzia kwenye usafi wa data. Dawa moja ile ile ambayo zahanati zetu huiita ALu utaikuta katika maneno muhimu kama ALu, kama AL, kama artemeta-lumefantrini, na kwa jina la biashara la Coartem. Programu haijui kwamba ni dawa moja. Itachora miduara minne midogo mahali palipostahili duara moja kubwa, na mada iliyo katikati ya uwanja itaonekana kama vijitu vya pembezoni. Tengeneza faili lenye safu mbili, ya kwanza ikiwa na neno lilivyoandikwa na ya pili ikiwa na neno la kushika nafasi yake, kisha uipe programu faili hilo kabla ya kuchora. Kazi hiyo inachosha na inakula siku kadhaa. Ifanye hata hivyo, maana kila kitakachofuata kinaitegemea.

Utakaporudi kwenye picha, fahamu kwamba ukaribu wa miduara una maana, ila juu, chini, kulia na kushoto havina maana yoyote. Ramani ile ile yaweza kuzungushwa au kugeuzwa na isipoteze kitu. Rangi nne nazo si ushahidi kwamba uwanja una matawi manne. Ukibadilisha kipimo cha mgawanyo katika mipangilio, utapata makundi mawili au tisa kutoka data ile ile. Jaribu vipimo vitatu au vinne, uone makala zipi zinabaki pamoja kila mara, kisha usome walau makala kumi za kila kundi kabla ya kulipa jina. Programu hupanga makundi. Jina la kundi ni lako, na msimamizi wako ana haki ya kukuuliza umelipata wapi.

SWALI: Katika ramani yangu kuna nafasi tupu kati ya makundi mawili. Je, naweza kuandika kwamba hilo ndilo pengo la utafiti? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Bado. Nafasi tupu yaweza kuwa pengo, yaweza kuwa makala ambazo kanzidata yako haina, na yaweza kuwa mada mbili zisizohusiana kabisa. Anayetupa moyo wa kuzichunguza nafasi hizo ni Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1986 aliona makala za kundi moja zinazoeleza jinsi mafuta ya samaki yanavyoathiri damu na mishipa, na za kundi jingine zinazoeleza ugonjwa wa Raynaud, ambao huwafanya watu vidole kupauka na kufa ganzi kwenye baridi. Makundi hayo hayakuwa yakirejeleana. Swanson alipendekeza kwamba mafuta hayo yangeweza kuwasaidia wagonjwa hao, na mwaka 1989 jaribio la kitabibu lilionyesha nafuu kwa wenye aina ya msingi ya ugonjwa huo, yaani isiyosababishwa na maradhi mengine. Angalia lakini alichokifanya: alizisoma makala za pande zote mbili, akapata sababu ya kibaolojia ya kuziunganisha. Ukiweza kuitaja sababu ya namna hiyo, andika kwamba ni pengo.

SWALI: Ninafundisha Kiswahili chuoni. Nataka kuchora ramani ya tafiti za isimu na fasihi ya Kiswahili, lakini katika kanzidata ya Web of Science napata makala chache mno, na karibu zote ni za Kiingereza. Je, kweli tunaandika kidogo kiasi hicho? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: La, Mwalimu, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuchapisha. Mvuvi aliyetupa jarife, wavu wa matundu makubwa, hawezi kurudi pwani akasema bahari haina dagaa. Kanzidata kubwa za kibiashara zimefumwa kwa ajili ya majarida ya aina fulani, mengi yakiwa ya Kiingereza, na makala za Kiswahili hupenya matundu yake. Majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika, yote ya Dar es Salaam, pamoja na Swahili Forum linalotoka Ujerumani, yamebeba mijadala ya vizazi kadhaa kuhusu ngeli, istilahi, ushairi na riwaya. Ukichora ramani bila hayo, umechora mipaka ya faharasa ya watu wengine, kisha ukaipa jina la taaluma yetu. Hili linaniuma, kwa sababu picha kama hizo ndizo zinazowekwa mbele ya wanaogawa fedha za utafiti.

Pa kuanzia ni OpenAlex, kanzidata ya bure iliyofunguliwa mwaka 2022, na African Journals Online. Hata humo, mara nyingi utapata kichwa cha makala na ikisiri bila marejeleo, na mtandao wa marejeleo haufumwi bila marejeleo. Usiutegemee pia uwezo wa VOSviewer wa kuchambua maneno ya ikisiri, kwani umetengenezwa kwa Kiingereza. Kwetu mwandishi na waandishi, utafiti na tafiti, shairi na mashairi, yatahesabiwa kuwa maneno tofauti kwa sababu umbo hubadilika mwanzoni mwa neno. Majina ya watu nayo yataleta taabu: mtu wa majina matatu, asiye na jina la ukoo kwa maana ya Kizungu, huingizwa mara kwa jina la baba na mara kwa jina la babu, akawa watu wawili katika ramani, na Mohamed na Muhammed wakatengana.

Basi fanya kwa mkono. Chagua jarida moja na miaka kumi yake. Fungua jedwali la kompyuta lenye safu mbili: kushoto makala inayorejelea, kulia kazi inayorejelewa, mstari mmoja kwa kila rejeleo, na kila kazi iwe na namba yake moja isiyobadilika hata jina la mwandishi likiandikwa kwa tahajia tatu. Wanafunzi wanne wakipewa juzuu chache kila mmoja wataimaliza kazi hiyo katika muhula, mradi wawili wawili wakaguane. Jedwali hilo litaingia katika Gephi, programu ya kuchora mitandao, bila shida, na likishakamilika liweke katika hazina huria kama Zenodo, ili mwalimu wa Nairobi au Bujumbura atakayelichukua jarida la pili aanzie pale mlipofika ninyi.