Walimu wa kijijini, msisubiri semina ya wilayani

Kama wewe ni mwalimu mkuu au mtaaluma wa shule ya kijijini, usikae kusubiri barua ya semina kutoka halmashauri. Nimefundisha vijijini miaka mingi, na naona tatizo ni lilelile: anaitwa mwalimu mmoja, anajifunza vizuri kabisa, kisha anapata uhamisho na ujuzi wote unaondoka naye. Shule hubadilika pale walimu wote wanapojifunza pamoja, hapohapo shuleni.

Utaratibu upo tayari. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yanataka kila shule iwe na jumuiya ya kujifunza, yaani walimu wake wakutane kujifunza pamoja. Lakini mara nyingi kikao kinaishia kusoma moduli, yaani somo la mafunzo lililoandaliwa, kwa sauti, kusaini mahudhurio na kutawanyika. Ushauri wangu: kabla ya kufungua moduli, leteni mezani madaftari ya watoto.

Siku moja tulileta ya Hisabati ya darasa la tatu. Swali lilikuwa 42 − 17, na watoto wengi walikuwa wameandika 35. Tulianza kulalamika kwamba hawasikilizi. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama ambaye huwa hasemi sana vikaoni, akatuambia tuangalie vizuri: saba toa mbili, tano, nne toa moja, tatu. Kila mtoto alikuwa ametoa ndogo kwenye kubwa, haidhuru ipo juu au chini. Akatoka nje, akarudi na vijiti, akafunga mafungu manne ya kumikumi kwa kamba ya mkonge na kuacha viwili pembeni. Akafungua fungu moja, vikawa kumi na viwili. Sasa saba inatoka. Wiki iliyofuata wawili wetu tuliingia darasa la tatu kutazama somo hilo likifundishwa kwa vijiti. Hakuna posho iliyolipwa.

Mkienda kutazama somo, watazameni watoto: nani anaandika, nani ananakili kwa jirani, nani hajaulizwa chochote tangu kipindi kianze. Mwalimu mkuu awe wa kwanza kutazamwa. Na yanayoonekana mle yasiingie kwenye faili la mtu, maana mwalimu akihisi anakaguliwa ataficha kile hasa anachohitaji kusaidiwa.

Kikao kiwe ndani ya ratiba, si saa kumi jioni wakati watu wana njaa, wana watoto nyumbani na wengine wana mwendo mrefu. Nalisisitiza sana hili, kwa sababu tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu wa kijijini anafika jioni akiwa amechoka kwelikweli.

Kwa Kiingereza cha darasa la kwanza, kilicholetwa na mtaala mpya ulioanza Januari 2024, ombeni msaada sekondari ya kata. Mwalimu wa somo hilo akija kufanya nanyi mazoezi ya matamshi, mtasogea mbali kuliko kila mtu kuhangaika peke yake.

Afisa elimu kata akifika, msimwonyeshe daftari la mahudhurio tu. Mpelekeni darasa la tatu, achague mtoto yeyote na kumpa hesabu ya kutoa.