Kwa mgeni kwenye Kubernetes: usiulize uhai wa programu kwa jirani yake

Wewe uliyeanza kazi Jumatatu, kabla hujagusa faili za YAML (zile za kuielekeza Kubernetes, mfumo unaowasha na kusimamia programu zetu), sikia kosa langu la mwaka wa kwanza hapa Nairobi.

Nilikabidhiwa huduma ya malipo. Kwenye livenessProbe, swali la Kubernetes la kupima kama programu iko hai, nikaweka njia (anwani ndani ya programu) iliyoenda kwanza kuuliza databesi, ndipo ijibu. Nikajiona mjanja. Ikafika mwisho wa mwezi, saa mbili usiku, kila mtu analipa kodi ya nyumba, databesi ikaanza kujikokota. Sikuwa nimeandika timeoutSeconds, muda wa kungoja jibu, na usipoiandika ni sekunde 1. Kubernetes nayo, usipoiambia vingine, huuliza kila sekunde 10. Ikikosa jibu mara 3 mfululizo, inaua kontena (kifurushi inamokaa programu) na kuiwasha upya. Podi zote sita, yaani nakala sita za huduma hiyo zilizobeba kontena, zikaanguka karibu kwa pamoja. Kila moja ikiamka inafungua miunganisho mipya kwa databesi ile ile iliyochoka, inauawa tena. Mimi niko kwenye matatu, Thika Road imeshikana, natazama CrashLoopBackOff kwenye simu, yaani Kubernetes inangoja kabla ya kuwasha tena kontena inayoangukaanguka: subiri sekunde 10, 20, 40, hadi dakika 5. Databesi ilishapona, podi bado zinasubirishwa.

Ukimuuliza mama wa kibandani kama chapati ziko tayari akasema bado, unaenda kibanda cha pili. Humvunjii kibanda. Hiyo ndiyo readinessProbe: ikifeli, podi haipelekewi wateja, lakini haiuawi. Habari za databesi, ikibidi, ziulizwe huko, tena kwa tahadhari, maana podi zote zikitegemea databesi moja zitajitoa zote na mteja hatapata hata ujumbe wa kuombwa radhi. livenessProbe iulize moja tu: programu yenyewe imeganda? Njia fupi inayorudisha 200 (jibu la HTTP la "sawa") inatosha.

Programu za Java zinazochelewa kuamka ziwekee startupProbe, swali la wakati wa kuamka. failureThreshold (mara za kufeli zinazovumiliwa) 30 kwa kila sekunde 10 ni dakika 5 za kupumua, na mpaka ipite, zile nyingine mbili hazianzi.

Halafu HEALTHCHECK, kipimo cha afya cha Docker, ya kwenye Dockerfile (faili la kujengea kontena): Kubernetes haiisomi kabisa. Mimi ilinila alasiri nzima.

Podi ikianza kujiwasha ovyo, usikimbilie kuongeza kumbukumbu (RAM). Andika kubectl describe pod, shuka hadi Events chini kabisa. Ukikuta "Liveness probe failed" na "context deadline exceeded" (muda wa kungoja uliisha), nenda kaangalie ile njia inamuuliza nani.