Mnaoanza Historia: acheni kukariri masultani, ulizeni nani aliwakalisha

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza hapa Dodoma, kuna desa (muhtasari wa kukariri) mtauziwa mapema sana, lina orodha ya masultani wa Zanzibar: Majid 1856, Barghash 1870, Khalifa 1888, Ali 1890, Hamad 1893, Hamoud 1896 na kuendelea. Kila mwaka kuna wanaoimeza usiku wa kuamkia mtihani na kuishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Orodha yenyewe haina kosa. Ila mtihani utakuuliza kwa nini dola ilidhoofika, na hapo majina matupu hayakusaidii.

Ninayowaambia kila ninapokaa nao kwenye semina ni hili: kwa kila aliyekalia kiti, tafuta nani aliyemkalisha. Jibu likianza kuhama kutoka ndani ya jumba kwenda nje, umeshapata insha yako.

Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, akirudi kutoka Muscat. Kati ya wanawe, Thuwaini alikuwa Muscat, Majid Unguja, na Barghash naye alikitaka kiti. Mpaka hapo ni ugomvi wa ndugu tu, maana hapakuwa na kanuni thabiti ya kusema mtoto mkubwa ndiye mrithi. Mwaka 1859 Barghash akaasi. Majid akaokolewa na askari wa manowari ya Uingereza, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akitawala India kwa niaba ya Uingereza, akaamua mirathi yenyewe: Oman kwa Thuwaini, Zanzibar kwa Majid, na Majid amlipe kaka yake riale 40,000 kila mwaka.

Tulieni hapo, msikimbilie 1884 na yule Mjerumani Carl Peters kama desa linavyofanya. Mwaka 1861 karafuu zinauzwa na misafara inakwenda bara kama kawaida. Ukiitazama dola kwa nje, imenona. Lakini urithi wa baba umegawanywa na mtu wa nje, na warithi wamekubali.

Sasa ruka hadi 1896. Hamad bin Thuwaini anafariki tarehe 25 Agosti, na Khalid, mtoto wa Barghash, anaingia jumbani bila idhini ya konseli wa Uingereza. Tarehe 27 asubuhi manowari zinapiga jumba kwa dakika kama 38, Khalid anakimbilia kwa konseli wa Ujerumani, na Hamoud anakalishwa. Vijiweni watu hucheka zile dakika 38. Ninyi wekeni 1859 na 1896 pembeni mwa ukurasa mmoja. Mara ya kwanza Mwingereza anamsaidia mmoja wa ndugu wanaogombana. Mara ya pili ndugu hahesabiki, hata akiwa mtoto wa sultani na jumba liko mikononi mwake.

Na msisahau mlipo. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Makali isiyo na maji, ikaingia Ugogo, yaani huku Dodoma. Huku watemi walidai hongo, yaani ushuru wa njia, vitambaa hasa, ndipo msafara upate maji na njia. Abadilike sultani asibadilike, mtemi alitaka chake. Kwa hiyo mkisoma kwamba sultani "alitawala" hadi Ujiji, wekeni alama ya kuuliza. Biashara yake ilifika. Amri yake ni jambo lingine. Ndiyo maana mwaka 1884 Peters aliweza kupita Usagara, jirani kabisa na hapa, akikusanya mikataba. Barghash alipinga, manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya Unguja Agosti 1885, akanyamaza. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakamwachia upwa wa bara wenye upana wa maili 10.

Semina ikifika kwa Khalifa bin Harub, atatokea mtu wa kusema alitawala 1911 hadi 1960, kwa hiyo kulikuwa na utulivu na nguvu. Msimcheke, ila mjibuni. Sultani aliyekaa muda mrefu kuliko wote tangu Majid ndiye aliyekaa chini ya himaya ya Uingereza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Tayari 1890 himaya ilikuwa imetangazwa, na kiti kikawa hakikaliwi bila Mwingereza kuridhia.

Swali hili linatembea hata nje ya Afrika Mashariki. Katika dola ya Wamughal wa India, baada ya Aurangzeb kufariki 1707, ndugu wawili wa ukoo wa Sayyid, Abdullah Khan na Husain Ali Khan, walifikia kuwaweka na kuwaondoa wafalme. Mwaka 1719 pekee walimwondoa Farrukhsiyar, wakawakalisha vijana wawili mmoja baada ya mwingine, wote wakafariki ndani ya miezi, kisha wakamleta Muhammad Shah. Huyo wa mwisho aliwageuka: kufikia mwisho wa 1720 Husain Ali ameuawa na Abdullah yuko kifungoni. Kama insha yenu ya kwanza ni ya ulinganisho, chukueni 1719 na 1896, na muanze na swali la nani alikuwa na askari karibu na jumba siku kiti kilipobaki wazi.