Je, niruke salamu za mwanzo katika nyaraka za Paulo?

SWALI: Nasoma mwaka wa kwanza katika chuo cha Biblia. Mwalimu anasisitiza tusome nyaraka za Paulo katika mazingira ya wakati wake. Mimi naona mistari ya mwanzo ni salamu zinazojirudia, kwa hiyo naipita haraka nifike kwenye mafundisho. Nakosa nini? Na mtu asiyejua Kigiriki anaanzia wapi?

JIBU: Anzia hapohapo unaporuka.

Barua za enzi ya Warumi zilikuwa na utaratibu wake: jina la anayeandika, jina la anayeandikiwa, salamu, na mara nyingi dua ya afya. Mfano unao kwenye Biblia yako, Matendo 23:26: "Klaudio Lisia kwa liwali mtukufu Feliki, salamu!" Baada ya hapo jemadari anaingia moja kwa moja kwenye shauri lake.

Mchanga mkavu wa Misri umetuhifadhia maelfu ya barua za watu wa kawaida, zilizoandikwa kwenye mafunjo, yaani karatasi za kale zilizotengenezwa kwa matete. Mojawapo ni ya karne ya 2, ya kijana Apion aliyejiunga na jeshi la wanamaji la Kirumi. Anamwandikia baba yake, Epimachos, kutoka Misenum, Italia. Anamsalimu, anamwombea afya yeye na ndugu zake, kisha anamshukuru bwana Serapis, mungu aliyeabudiwa Misri, kwa kumwokoa alipokuwa hatarini baharini. Ndipo anapoeleza kwamba amepokea vipande vitatu vya dhahabu vya posho ya safari, na kwamba sasa anaitwa Antonius Maximus. Mwishoni anawataja watu wa kusalimiwa. Msomaji wa Paulo hapotei humo hata kidogo.

Lakini tahadhari: si kila barua ya wakati ule ilikuwa na shukrani kwa mungu, nyingi hazina. Kwa hiyo usikimbilie kusema Paulo alivunja kanuni ya barua kila anapoacha shukrani. Mlinganishe kwanza na yeye mwenyewe. Chukua Warumi, Wakorintho wa Kwanza, Wafilipi na Wathesalonike wa Kwanza: zote, mara baada ya salamu, zina "namshukuru" au "twamshukuru Mungu". Wakorintho wa Pili inaweka "Na ahimidiwe Mungu" mahali pa shukrani.

Sasa fungua Wagalatia. Wapokeaji wanaitwa "makanisa ya Galatia", basi, bila neno la sifa. Salamu na utukufu kwa Mungu vikiisha, pale unapotarajia shukrani, unakutana na "Nastaajabu kwa kuwa mnamwacha upesi hivi yeye aliyewaita" (1:6). Waliozoea barua zake wangeshtuka. Na tangu mstari wa kwanza alikuwa ameshajitetea kwamba utume wake hautokani na wanadamu. Kabla hujafika kwenye hoja ya tohara na sheria, umeshajua kuna ugomvi, na umejua mamlaka ya nani yanahojiwa.

Wakorintho wa Kwanza ni kinyume chake, na mimi naipenda kuliko zote kwa kufundishia jambo hili. Paulo anashukuru kwa sababu Wakorintho wametajirika "katika maneno yote, na maarifa yote", wala hawakupungukiwa na karama (1:5-7). Endelea kusoma: sura ya 8 anawaonya kwamba ujuzi huleta majivuno, na sura ya 12 hadi 14 anapanga matumizi ya karama, kunena kwa lugha kukiwemo. Anayashukuru yaleyale atakayowarekebisha.

Miisho nayo isomwe hivyohivyo. Watu wengi walimtumia mwandishi awaandikie barua zao. Katika Warumi 16:22 Tertio anajitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyeuandika waraka. Kwenye mafunjo kadhaa mwandiko unabadilika mistari ya mwisho, mwenye barua anapoishika kalamu mwenyewe. Ndiyo maana Wagalatia 6:11 inataja herufi kubwa za mkono wa Paulo. Na hapo pia, tofauti na Warumi 16, hakuna hata mtu mmoja anayesalimiwa kwa jina.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujagusa kitabu chochote cha ufafanuzi, nakili kwa mkono mistari kumi ya kwanza ya Wagalatia, Wafilipi na Wakorintho wa Kwanza, uiweke sambamba kwenye ukurasa mmoja. Piga mstari chini ya kila kilichoongezwa na kila kilichokosekana, kisha ndipo usome sura zinazofuata.