Usilipe dipoziti ya hizo spika

Usilipe! Umesema utakodi ukumbi wa mabati hapo Kondele, Kisumu, spika mbili kubwa na ngoma tatu za isukuti, uanze kikundi cha muziki na vijana 18 wenye usonji, halafu unauliza kuhusu sare. Sare ziache. Kwa mpango huo huo nilipoteza kikundi kizima.

Mabati na sakafu ya simiti havimezi sauti, vinairudisha. Pigo la kwanza halijafifia, la pili limeshafika. Wewe unasikia mdundo. Kijana mwenye masikio makali anapokea vyote kwa pamoja, ngoma, mwangwi, viti vinavyoburutwa na honi za boda boda, na hawezi kuchuja. Akiziba masikio, akikimbia au akijipiga kichwa, huo si utukutu. Amezidiwa. Wiki inayofuata anaanza kulia matatu ikikaribia Kondele, na mama yake hamleti tena.

Aliyenishauri kwamba vijana huchangamshwa na mdundo mkubwa alikuwa mkodishaji wa spika. Hakuwahi kukaa hata saa moja na kijana wa usonji! Bado inaniuma.

Ingia ukumbini mikono mitupu, funga milango, piga kofi moja katikati. Likirudi, tafuta chumba kidogo chenye dari. Ukikosa, tandika mikeka na utundike blanketi nzito ukutani, lakini ujue zinapunguza makali tu, mshindo wa ngoma haziuzuii. Kutaneni saa nne asubuhi. Mvua ya alasiri ikishuka juu ya mabati, kazi imekwisha.

Anza na vijana wanne na nyatiti moja, kinubi cha Wajaluo. Nyuzi zake nane hazihitaji umeme, na kijana anaweza kuweka kiganja kwenye ngozi yake ausikie mtetemo. Kabla ya kupiga, hesabu kwa vidole: tatu, mbili, moja. Weka mkeka nje, chini ya mti. Anayetoka asiulizwe, mtu mmoja akae karibu naye kimya. Dakika 30 zinatosha.

Isukuti ije baadaye, moja, uwanjani, na kijana mwenyewe ndiye aipige. Sauti unayoitoa mwenyewe kwa kawaida haikushtui sana. Wapo pia wanaozifuata kelele, kwa hiyo muulize kila mzazi: sauti gani humkimbiza mtoto, na ipi huifuata?

Piga hilo kofi kesho, kisha rudi utuambie ulichosikia.