Baiskeli ya mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa: pima mguu, usipime rangi

Mtoto akifika miaka 11 au 12, baiskeli ya inchi 20 (kipimo cha gurudumu) inakuwa ndogo kwake. Magoti yanakaribia kugonga usukani. Hapo wazazi wengi tunaingia dukani na akili ya kununua sare ya shule: chukua kubwa, atakua nayo. Sare ikipwaya haimuangushi mtu. Baiskeli ikimzidi, bajaji ikikatiza ghafla mbele yake hana mguu wa kuweka chini.

Kwa hiyo nenda na mtoto mwenyewe. Mpandishe kwenye kiti, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila nyonga kuyumba, kiti kiko sawa. Kisha asimame katikati ya fremu, nyayo zote chini. Kati yake na chuma cha juu ipite nafasi ya vidole vitatu. Mwambie pia abane breki. Vidole vyake visipofika vizuri, iacheni hiyo. Umri hausemi kitu. Binti yangu ana miaka 12 na yuko kwenye inchi 26, binamu yake wanayelingana umri bado inchi 24 inamtosha kabisa.

Sasa aina. Ile yenye springi mbele na nyuma na rangi za kuwaka ndiyo kila mvulana anayoinyooshea kidole. Ya bei rahisi siishauri. Ni nzito, nguvu anayonyonga inamezwa na springi ya nyuma, na viungo vyake vikianza kulegea fundi atakuwa rafiki wa nyumbani. Akiing'ang'ania sana, mpe yenye springi ya mbele tu. Phoenix ya inchi 28 ni imara, lakini ni ya mtu mzima na mzigo wake.

Sisi tunaishi Tanga, mji tambarare uliojaa baiskeli, gia wala hazitusumbui. (Ningekuwa Lushoto, kule milimani, ningesema mengine.) Binti nilimchukulia mtumba wa Japani. Fremu yake imeshuka katikati, anapanda na sketi ya shule bila taabu. Mnyororo una kifuniko, kwa hiyo pindo haliingii kwenye meno. Begi linakaa kikapuni. Mvulana akiona kikapu ni aibu, kinatoka kwa spana.

Mtumba una mtego mmoja ambao wauzaji wengi hawautaji: inchi 26 ya Japani na inchi 26 ya baiskeli ya milimani haziingiliani. Soma ubavuni mwa tairi. La Japani huandikwa 26 x 1 3/8, na pembeni yake namba 590. La milimani huwa 26 x 1.95, na namba 559. Hizo ni milimita za kipenyo cha rimu, na tofauti ya milimita 31 hailazimishwi kwa bisibisi. Kabla hujalipa, pita kwa fundi wa mtaani kwako umuulize tairi la 590 analipata wapi na kwa bei gani. Inchi 24 nazo zina utata huohuo: 540 kwa zile za Japani, 507 kwa za milimani. Ukikuta mtumba wenye gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, jaribu zote papo hapo, maana mafundi wengi hawapendi kukifungua.

Angalia kutu kwenye spoku na chini ya kiti. Sisi wa pwani chumvi haituachi, na mnyororo unataka mafuta mara kwa mara.

Halafu breki. Kwenye za Japani, mkono wa kulia ndio wa tairi la mbele. Nyingine ni kinyume. Breki ya mbele ikibanwa peke yake kwa nguvu mteremkoni, mtoto anaruka juu ya usukani. Mwonyeshe upi ni upi kabla hamjatoka dukani, na kama amezoea kinyume, fundi abadilishe waya hapohapo.