Kigoda cha pikipiki, na sentimita nne nilizozisahau

Kwa muda mrefu garaji yangu ilikuwa kreti ya bia. Nainyanyua pikipiki, nasukumia kreti chini ya injini, nachomeka jiwe la volkano huku na huku, naanza kazi. Siku moja nikataka kutoa gurudumu la nyuma, na nati ya ekseli ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikavuta kle, yaani spana, kwa mikono miwili. Kreti ikalia kama biskuti inayovunjwa, pikipiki ikalala upande wa kushoto, mkono wa ambreyaje (klachi) ukakatika na kioo kikaenda nao. Mguu wangu ulipona kwa sababu tu nilikuwa nimechuchumaa upande wa kulia.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125, ile ndefu ya barabara mbaya, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Wenye Boxer na TVS za taksi hapa Goma hawana shida yangu: zao zina bekiye, yaani stendi, ya katikati, unaikanyaga na gurudumu la nyuma linaning'inia. Yangu ina bekiye moja ya pembeni, ya kuegeshea tu. Halafu kuna uwanja. Nyumbani kwetu tunakanyaga lava iliyoganda ya mlipuko wa volkano wa 2002, ile iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Tumeisawazisha kwa nyundo na changarawe, lakini hakuna mahali utakapoweka kitu cha miguu minne kikatulia kwa yote minne.

Basi nikaamua kutengeneza kigoda cha kuipandishia pikipiki. Nilifikiria chuma kwanza. Fundi wa kuchomelea alikuwa tayari, ila mtaani kwetu umeme unakuja unapotaka, na vyuma vyake vilikuwa na bei kuliko mkono wa ambreyaje niliouvunja. Nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Niliwaza hivi: mtu anayejenga kwa mbao chombo cha kubeba magunia ya viazi na makaa kutoka milimani, kigoda cha pikipiki ya kilo mia na kitu hakiwezi kumshinda. Aliniuzia vipande vya shevroni (boriti nyembamba) za mkaratusi vilivyobaki, na kipande cha ubao mnene. Pamoja na misumari na buloni (bolti) nane za soko la Birere, sikufikisha dola kumi.

Nilipoanza kugonga msumari wa kwanza hapo hapo kwake, akanishika mkono. "Kijana yangu, hii muti haitaki haraka. Toboa kwanza." Mkaratusi ukikauka unapasuka kwenye ncha, na ufa ukishaingia utafuata mpaka katikati. Toboa tundu jembamba kuliko msumari, kisha gonga. Kwenye viungo vinavyobeba uzito, weka buloni. Msumari peke yake unalegea polepole kila ukitikisa.

Sasa urefu, na hapa ndipo nilipokosea. Mdogo wangu alishika pikipiki wima, mimi nikapima kutoka ardhini hadi kwenye mabomba ya fremu yanayopita chini ya injini. Nikapata sentimita 27. Nikaongeza tatu ili magurudumu yawe hewani, nikakata miguu nikihesabu na unene wa ubao wa juu, jumla 30. Tukapandisha pikipiki kwa furaha, na gurudumu la nyuma likabaki limekaa chini vilevile, kana kwamba hatujafanya kitu.

Sababu ni springi. Pikipiki ikisimama kwa magurudumu yake, uzito wake wenyewe umeshazibana springi kidogo. Ukiinyanyua kwa fremu, springi zinajinyoosha na gurudumu linashuka kukufuata. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinakudanganya. Dawa ni rahisi: kabla ya kukata chochote, mwenzako avute sehemu ya nyuma ya pikipiki juu taratibu mpaka tairi linakaribia kuachana na ardhi, wewe pima nafasi kati ya kiti na ekseli, linganisha na ile uliyopima pikipiki ikiwa imetulia. Tofauti hiyo ndiyo unayopaswa kuiongeza, kisha ndipo uongeze zile tatu za kulitoa gurudumu chini. Kwangu tofauti ilikuwa karibu sentimita nne. Kigoda changu leo kina 34, na hizo nne za mwisho ni vipande vya shevroni nilivyofungia chini ya miguu kwa aibu. Usinakili namba zangu, pima yako.

Kuhusu nguvu, watu wanaogopa kigoda kitapondeka. Hakipondeki. Miguu minne ya shevroni inabeba zaidi ya pikipiki. Kinachokiangusha ni kusukumwa kutoka ubavuni, kama nilivyofanya na kle yangu. Kwa hiyo weka mbao za mshazari pande zote nne, na chini pawe papana kuliko juu: changu kina 30 kwa 25 juu, na 45 kwa 40 chini. Chini ya vyote natandika kipande kizima cha ubao, maana lava haina adabu. Juu nimepigilia mpira wa tairi kuukuu, misumari ikiwa pembeni, isije ikakwaruza fremu.

Tundu la kumwagia oili nililisahau kabisa. Ubao wa juu ulikaa sawasawa chini ya buloni ya kutolea mafuta ya gia, na ilibidi nishushe kila kitu, nikate nafasi ya kupitisha kiganja katikati.

Gurudumu likiwa hewani ndipo utaijua pikipiki yako. Zungusha la nyuma kwa mkono na utazame cheni: kuna mahali itakaza na mahali italegea. Ulegevu upime pale ilipokaza zaidi, la sivyo utaibana mpaka iue rulma (beringi). Gonga spoku moja moja kwa bisibisi. Iliyolegea inatoa sauti nzito, imekufa, wakati wenzake wanalia. Kisha kandamiza nyuma, mbele inyanyuke, na mwenzako aishike hivyo. Shika chini ya foku, ile miguu miwili inayobeba gurudumu la mbele, vuta na sukuma. Ukisikia kitu kinagonga, rulma za shingo, pale usukani unapogeukia, zimechoka. Geuza usukani polepole: ukinasa katikati kama mlango wenye komeo, zimeshachimbika. Kwa barabara zetu za mawe, mimi nilikuta vyote viwili.

Nati zilizokaza zilegeze pikipiki ikiwa bado chini, mtu ameikalia. Juu ya kigoda ni kazi ya kumalizia tu.

Kupandisha kunataka watu wawili, mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma. Kushusha ndiko kunakoangusha, kwa sababu kazi imeisha na kila mtu anacheka. Fungua bekiye ya pembeni kwanza, pikipiki ikiwa bado juu. Inyanyueni pamoja, mtu wa tatu, hata mtoto, avute kigoda kwa kamba iliyofungwa kwenye mguu wa kigoda, ndipo mshushe. Kamba hiyo niliifunga baada ya mdogo wangu kujaribu kukisukuma kwa goti.